Mwani kwenye akwariamu ya maji chumvi iliyofufuliwa: mwongozo kamili kwa wafugaji wa Arusha na Moshi

Tangi la maji chumvi lililokaa bila kazi mwaka mmoja au miwili, kisha likajazwa tena kwa mawe yaleyale na mchanga uleule, litaota mwani. Hilo lihesabu kuwa la uhakika. Kisicho na uhakika ni mwani wa aina gani, utadumu kwa muda gani, na kama utaachwa ushike mawe mpaka matumbawe yakose pa kukaa.

Huku kwetu kuna mambo mawili ambayo miongozo mingi ya kigeni haiyagusi: maji yetu yanatoka kwenye miamba ya volkano, na sisi tunaishi juu, mbali na usawa wa bahari. Yote mawili yanabadilisha namna ya kushughulikia mwani, na nitayaeleza mahali pake. Kanuni kuu ni hii: tafuta kwanza kinachoulisha mwani, ndipo uuondoe. Ukimwaga dawa kabla ya hapo, mwani unakufa na kuoza humohumo ndani ya tangi, na mbolea yake inarudi majini kulisha kizazi kinachofuata.

Kabla ya yote, pima amonia, sumu itokanayo na uchafu unaooza. Kama bado inasoma zaidi ya sifuri, tangi halijakomaa, na kazi yako kwa sasa ni kusubiri bakteria wamalize kujijenga. Kwa kawaida huchukua wiki 3 hadi 6. Mwani wa kipindi hicho usikusumbue akili, na samaki wasiingie.

Hatua ya kwanza: ujue mwani ulio nao

Vumbi la kahawia linalofunika mchanga na kioo, linalofutika kwa kidole, ni diatomu. Hujenga ganda lao kwa silika, na huja mapema sana baada ya tangi kuwashwa upya. Silika ikiisha majini, nao wanaisha.

Utando wa kijani kwenye kioo ni jambo la kawaida hata kwenye tangi lenye afya. Futa, endelea na shughuli zako.

Mwani wa nywele ndio unaowakatisha watu tamaa: nyuzi za kijani, laini, zilizoshika jiwe kwa mizizi yake midogo na kupepea na mkondo wa maji. Ukiona nyuzi zimepangika mfano wa unyoya au jani la jimbi, huo ni briopsisi, mkaidi zaidi, na nitauzungumzia peke yake. Vijipira vya kijani vinavyong'aa ni valonia. Ving'oe vizima vikiwa na kitako chake, huku ukinyonya maji kwa mpira mwembamba, kwa sababu kikipasuka ndani ya tangi kinaweza kutawanya mbegu zake.

Utando mwekundu wa damu ya mzee au zambarau iliyoiva, unaobanduka kwa vipande vikubwa kama ngozi ya maziwa, si mwani hasa. Ni sayanobakteria, wa ukoo mmoja na wale wanaoliwa na heroe wadogo wa maziwa ya Momela. Hupenda sehemu ambazo maji yamelala na takataka zimetuama.

Kuna wa mwisho, anayefanana na diatomu kwa rangi lakini tiba yake ni kinyume kabisa: dinoflajeleti. Ni ute wa kahawia wenye nyuzi, na kila uzi una kiputo cha hewa kwenye ncha. Mchana unazidi, usiku unapungua, asubuhi mchanga unaonekana msafi, na ikifika saa nane mchana umerudi. Konokono wakianza kufa bila sababu inayoonekana, mshuku huyu.

Kipimo cha kumtambua kinafanyika mezani. Nyonya ute kidogo pamoja na maji yake kwenye chupa angavu, funga, tikisa kwa nguvu mpaka nyuzi zote zipotee na maji yawe na rangi ya chai iliyokorogwa. Mimina kupitia karatasi ya kuchujia kahawa, kitu ambacho kwenye miji hii ya kahawa hukikosi. Maji yaliyopita yaweke kwenye glasi safi chini ya taa kwa saa moja. Yakibaki yametulia bila umbo lolote, una diatomu au uchafu tu. Ukikuta vijiwingu vya kahawia vimejikusanya tena na kuanza kuvuta nyuzi, hao ni dinoflajeleti, na usifanye chochote katika hatua za kupunguza virutubisho kabla hujasoma sehemu yao hapa chini.

Hatua ya pili: chunguza maji unayoyaleta

Hapa ndipo tangi la Arusha au Moshi linapotofautiana na la Dar es Salaam. Maji yanayopita kwenye majivu na miamba ya Meru na Kilimanjaro hubeba silika iliyoyeyuka. Arusha watu wanajua zaidi habari ya floraidi, kwa sababu inaonekana kwenye meno. Lakini kwa akwariamu floraidi si adui mkubwa, maana hata maji ya bahari yana kama miligramu 1.3 kwa lita, karibu sawa na kikomo cha 1.5 ambacho Shirika la Afya Duniani limeweka kwa maji ya kunywa. Silika ndiyo inayolisha diatomu, na ukitumia maji ya bomba au ya kisima utaendelea kuwalisha kila wiki.

Tatizo liko zaidi kwenye maji ya kujazia kuliko kwenye maji ya kubadilisha. Maji yanapopungua kwa mvuke, kinachoondoka ni maji matupu, chumvi na madini vinabaki. Tangi la lita 200 likipoteza lita 2 kwa siku, kwa mwezi umejazia lita 60. Ukijazia maji ya bomba, madini yote ya lita hizo 60 yamebaki ndani, na mwezi unaofuata yanaongezeka mengine. Ukoko mweupe unaouona ndani ya birika la chai unakuonyesha jambo hilohilo kwa macho.

Jawabu ni mashine ya RO, inayosukuma maji kupitia utando unaozuia madini, yenye hatua ya mwisho ya resini, yaani punje zinazonasa madini yaliyopenya. Maji ya RO peke yake hayatoshi kwa maji ya volkano, kwa kuwa sehemu ya silika hupenya. Resini ndiyo inayoikamata. Chovya kipimo cha TDS, kinachosoma jumla ya madini yaliyoyeyuka, kwenye maji yanayotoka mwishoni: yawe 0. Na usisubiri kisome 5 au 10 ndipo ubadilishe resini. Silika ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuachiwa resini inapochoka, na kipimo hicho hakiioni vizuri. Ukiona vumbi la kahawia limerudi kwenye tangi lililokwisha tulia, badilisha resini kwanza, mengine baadaye.

Onyo moja la kwetu. Nyumba nyingi za upande wa Meru zinachuja maji ya kunywa kwa mkaa wa mifupa ili kupunguza floraidi. Ni jambo jema kwa meno ya watoto. Lakini mkaa huo kwa sehemu kubwa ni fosfeti ya kalisi, na maji yaliyopita humo yanaweza kutoka na fosfeti, ambayo ni mbolea ya mwani. Usiyatumie kwenye akwariamu, hata kama yanaonekana safi kuliko ya bomba.

Wapo wanaosafirisha maji ya bahari kwa madumu kutoka Tanga. Yanafaa, ila chagua mahali na wakati. Kaa mbali na mdomo wa mto Pangani: mto Kikuletwa hukusanya maji ya Meru na Kilimanjaro, yanapita bwawa la Nyumba ya Mungu, na yanatokea baharini pale Pangani yakiwa na udongo na mbolea ya mashamba yetu wenyewe. Epuka masika, Machi hadi Mei. Chota maji yakiwa yamejaa, yachuje kwa kitambaa kizito, na ukifika nyumbani yapulizie hewa, pima fosfeti na naitreti, mbolea nyingine ya mwani, kabla hujamimina hata ndoo moja.

Ukichanganya chumvi ya akwariamu, lenga 35 kwa elfu, yaani uzito linganifu wa 1.025 hadi 1.026, kwenye maji ya nyuzi 25.

Hatua ya tatu: mawe na mchanga wa zamani

Mawe ya akwariamu ni kalisi kaboneti, na kalisi kaboneti hunasa fosfeti. Kama kabla ya kusimama tangi lako lilikuwa na samaki wengi na chakula kingi, mawe yalikuwa yakiihifadhi siku zote. Ukiyarudisha kwenye maji mapya yasiyo na fosfeti, yanaanza kuitoa. Ndiyo maana mtu anabadilisha maji kila wiki, anapima kesho yake, anakuta fosfeti imerudi palepale.

Kuna njia rahisi ya kuhakikisha. Chukua jiwe moja au mawili, weka kwenye ndoo yenye maji chumvi mapya, pampu ndogo na hita, funika kusiwe na mwanga, acha wiki moja. Pima fosfeti. Ikizidi miligramu 0.1 kwa lita, mawe yako yanavuja, na tiba ni kuendelea na utaratibu huohuo kwa mawe yote: pipa la plastiki, giza, mkondo wa maji, na kubadilisha maji mpaka usomaji ushuke. Unaweza kuharakisha kwa punje za oksaidi ya chuma, zinazonasa fosfeti, kwenye mfuko mbele ya pampu. Kazi hii inakula wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, na mimi naona inafaa kuvumiliwa kuliko kupigana na nywele mwaka mzima.

Kama mawe yalikauka yakiwa na viumbe vilivyofia ndani, yaloweke kwanza kwenye Jik na maji, sehemu moja kwa kumi, kwa saa 24. Yasuuze sana, yaanike juani mpaka harufu ya klorini iishe kabisa, kisha yaloweke kwenye maji yenye dawa ya kuondoa klorini. Jik inaondoa nyama iliyooza. Fosfeti iliyonaswa ndani ya jiwe haiigusi. Na kamwe usichanganye Jik na tindikali ya aina yoyote. Gesi inayotoka inaua.

Usichemshe mawe. Naliweka peke yake jambo hili kwa sababu ni hatari ya kweli. Zoantidi na palithoa, yale matumbawe laini yenye vitufe kama maua, wengine wana sumu iitwayo palitoksini, na mvuke wa maji ya mawe yanayochemka umewahi kulaza familia nzima hospitali. Hata kuyasugua tu, vaa glavu na miwani.

Mchanga wa zamani ama uutupe, ama uuoshe nje kwa mpira wa maji, kidogokidogo ndani ya ndoo, mpaka maji yatoke angavu. Ukisikia harufu ya mayai viza, hapo kuna haidrojeni salfaidi. Usirudishe mchanga huo bila kuuosha wote. Suuza ya mwisho iwe kwa maji ya RO.

Kama tangi tayari linafanya kazi na samaki wamo, usivuruge mchanga wote kwa siku moja. Nyonya robo moja kila wiki wakati wa kubadilisha maji.

Hatua ya nne: uondoe kwa mkono

Hakuna njia ya mkato kwenye hatua hii. Kila kiganja cha mwani unachokitoa ni fosfeti na naitreti unazozitoa nje ya tangi kabisa.

Jiwe linalotoka, litoe. Liweke kwenye ndoo yenye maji ya tangi, ng'oa nywele kwa vidole, sugua mashina kwa mswaki mgumu, suuza kwenye ndoo ya pili, rudisha. Maji ya ndoo zote mbili yamwagwe. Jiwe lisilotoka, lifanyie kazi likiwa ndani huku mpira wa kunyonya ukiwa sentimita moja kutoka kwenye vidole vyako, ili vipande visisambae.

Pale nywele zinaposhika tena mahali palepale, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ileile ya kusafishia vidonda inayouzwa duka la dawa, inasaidia. Jiwe likiwa nje ya maji, pakaza juu ya mwani tu, subiri dakika 3 hadi 5, suuza kwa maji chumvi, rudisha. Mwani utakuwa mweupe ndani ya siku chache. Kamba wasafishaji hawaipendi kabisa peroksaidi, kwa hiyo suuza vizuri.

Sayanobakteria usiwasugue. Nyonya zulia lote likiwa zima, kisha elekeza pampu ya mawimbi mahali lilipokuwa. Mara nyingi hiyo yatosha. Viuavijasumu kama erithromaisini vinawaua, lakini vinaweza kuwaua pia bakteria wanaokusafishia amonia, na kwenye tangi lililofufuliwa karibuni bakteria hao bado ni wachache.

Kwa briopsisi, wafugaji wengi wamefanikiwa kwa flukonazoli, takriban miligramu 5 kwa lita ya maji halisi ya tangi, kwa wiki mbili au zaidi, mkaa wa kichujio ukiwa umetolewa. Hesabu lita baada ya kutoa nafasi ya mawe na mchanga. Ifanye kuwa ya mwisho.

Hatua ya tano: mwanga, chakula, mkondo

Taa ziwe saa 6 hadi 8 kwa siku, zikiongozwa na kifaa cha kuhesabu muda. Punguza nyeupe na nyekundu, acha bluu. Tangi lisipigwe na jua la dirishani. Jua letu ni kali hata Julai kunapokuwa na ubaridi.

Samaki walishwe mara moja kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili. Kama unalisha kamba au samaki waliogandishwa, yeyusha, suuza kwa maji ya RO kwenye chujio la chai, na ule mchuzi umwage. Skima, yaani kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu, ifanye kazi mchana na usiku, na kikombe chake kisafishwe kila baada ya siku mbili tatu, kwa sababu shingo ikishika mafuta povu halipandi.

Mkondo wa maji ufike nyuma ya mawe. Huko ndiko uchafu unakolala.

Hatua ya sita: walaji

Walete baada ya kupunguza mwani kwa mkono. Hakuna konokono anayekula nywele za sentimita tano, wanakula chipukizi. Konokono wa jamii ya turbo na trokasi wanafaa mawe na kioo, na seriti wanafaa mchanga. Kwa tangi kubwa, samaki aitwaye tasi ni mlaji hodari wa mwani, ila ana miiba yenye sumu, na anakua. Samaki kangaja naye anataka nafasi ya kuogelea.

Ukienda Tanga kuwatafuta, usiokote kitu ndani ya hifadhi za bahari, kama Tanga Coelacanth Marine Park au Kisiwa cha Maziwe. Matumbawe magumu yote yamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Pitia kwa muuzaji mwenye kibali. Safari ya kupanda huku ni ndefu, kwa hiyo konokono wasafirishwe kwenye boksi lenye barafu iliyofungwa mbali na maji, na wakifika wazoeshwe kwa tone moja moja kwa saa moja au zaidi.

Dinoflajeleti: hapa geuza mwelekeo

Hawa mara nyingi huibuka naitreti na fosfeti zinapofika sifuri, yaani mara nyingi huwapata watu waliojitahidi kupita kiasi. Simamisha kubadilisha maji. Toa punje za oksaidi ya chuma. Ongeza chakula, au dawa za naitreti na fosfeti zinazouzwa kwa ajili ya matangi, mpaka upate naitreti ya miligramu 5 hadi 10 na fosfeti ya karibu 0.1. Kisha zima taa kwa siku tatu na ufunike tangi kwa blanketi pande zote.

Sasa lile suala la kuishi juu. Arusha iko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na Tanga. Maji yanashika oksijeni pungufu kwa kiasi hichohicho. Moshi, ambayo iko chini zaidi, pengo ni dogo lakini lipo. Mwani unapokufa kwa wingi, bakteria wanaouozesha wanatumia oksijeni, na gizani hakuna kinachoizalisha. Kwa hiyo siku zote hizo tatu weka pampu ya hewa, elekeza pampu ya mawimbi ivuruge uso wa maji, na samaki wakianza kupumua kwa haraka karibu na juu, funua tangi mara moja. Kuwa na pampu ya hewa ya betri iliyochajiwa pembeni, maana umeme ukikatika katikati ya zoezi hili una saa chache tu.

Upimaji, na lini uongeze samaki

Pima naitreti na fosfeti kila wiki, siku ileile, kabla ya kubadilisha maji. Usidanganywe na fosfeti ya sifuri kwenye tangi lililojaa nywele: mwani umeshaila yote kabla kipimo hakijaiona. Lengo ni naitreti ya miligramu 5 hadi 10 na fosfeti ya 0.03 hadi 0.1. Usifukuze sifuri.

Badilisha maji asilimia 10 hadi 15 kwa wiki. Joto libaki nyuzi 24 hadi 26. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku unaweza kushusha tangi dogo haraka, hivyo hita mbili ndogo ni salama kuliko moja kubwa.

Mawe yakianza kushika madoa magumu ya waridi au zambarau yasiyofutika kwa kidole, huo ni mwani wa chokaa, na huo tunautaka. Unakalia nafasi ambayo nywele zingeikalia. Vipimo vikitulia wiki nne mfululizo na madoa hayo yakiwa yanaenea, ongeza samaki mmoja mdogo. Subiri wiki mbili, pima, na kama fosfeti haijapanda, leta wa pili.